Nimemeza vidonge vya damu miezi mitatu, mbona HB imekataa kupanda?

SWALI: Daktari habari yako. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka 37, nakaa Kayole na nauza chapati na chai asubuhi hapo steji. Kutoka mwaka jana nachoka sana, yaani nikipanda ngazi kwenda kwangu orofa ya tatu lazima nisimame mara mbili na moyo unadunda kama nimekimbizwa. Nilipimwa HB, kile kiwango cha damu, ikatoka 8.4. Mahali pa kwanza walinipa vidonge vya madini ya chuma, nimemeza miezi mitatu sijaruka hata siku moja, nikarudi wakapima ikawa 9.0 tu. Nikaenda kwingine, huyo daktari akaangalia karatasi akaniambia MCV ni 88, iko sawa kabisa, kwa hivyo shida si chuma, ni stres ya kazi, nipunguze mawazo nilale mapema. Sasa wawili wananiambia vitu viwili tofauti na hela imeisha. Kitu kingine, vidole vya miguu vina ganzi na usiku nyayo zinawaka moto, ulimi unauma nikila pilipili, na hii naona haya kusema lakini nakula odowa, ule udongo mgumu wa kutafuna, karibu kila siku, siwezi kupita sokoni bila kununua. Nyama niliacha 2018 kwa sababu ya imani, mayai na maziwa pia, chai yangu ni strungi. Hedhi inakaa siku nane na inatoka na mabonge. Dawa ya asidi ya tumbo najinunulia kwa kemisti, huu ni mwaka wa pili. Picha ya karatasi ya labu nimeituma. Nani ananiambia ukweli?
Mama Chapo, Kayole

JIBU: Mama Chapo, asante kwa kuandika kila kitu, hata ile ya odowa, manake hiyo unayoonea haya ndiyo imenisaidia zaidi. Na nianze na swali lako la mwisho. Wote wawili wameona kipande. Wa kwanza alikuwa sawa kwamba unakosa chuma, wa pili alikuwa sawa kwamba ile karatasi haifanani na ya mtu aliyekosa chuma peke yake, lakini hakuna aliyeuliza kama mtu mmoja anaweza kukosa vitu viwili kwa wakati mmoja. Anaweza. Tena hapa Nairobi naona watu kama hao kila wiki kwa kliniki.

Wacha nikueleze kwa kazi yako. Tuseme asubuhi umepika chapati ishirini, kumi zimetoka ndogo za gramu 60 na kumi zimetoka kubwa za gramu 120. Mtu akija akaweka zote kwa mizani akagawanya kwa ishirini atapata gramu 90, aseme mama huyu anapima unga vizuri, chapati zake zote ziko sawa. Lakini kwa sahani hakuna hata moja ya gramu 90. MCV ndiyo hiyo hesabu. Ni wastani wa ukubwa wa seli nyekundu za damu, na kwa mtu mzima tunatarajia iwe kati ya 80 na 100. Ukikosa chuma seli zinatoka ndogo na zimepauka, kwa sababu hemoglobini (ndiyo hiyo HB) ya kuzijaza haitoshi. Ukikosa vitamini B12 au foleti (ile vitamini ambayo ya vidonge inaitwa foliki asidi) inakuwa kinyume, seli zinatoka kubwa, manake vitu hivyo viwili ndivyo uboho unatumia kunakili DNA kabla seli haijagawanyika, sasa ikikosekana seli inakaa ikisubiri kugawanyika na huku mwili wake unaendelea kunenepa. Ukikosa zote pamoja, nusu inaweza kuwa 70 na nusu 106, wastani wake ni 88 kamili, kama yako.

Kuna namba nyingine kwa hiyo karatasi na hakuna aliyekusomea. Angalia mstari ulioandikwa RDW. Hiyo inaonyesha seli zimetofautiana ukubwa kiasi gani, kwa mashine nyingi kawaida haipiti 14.5, yako imeandikwa 22.6 na mashine yenyewe imeiwekea mshale wa kwenda juu. Hiyo ndiyo mashine ikisema chapati hazilingani. Mtu mwenye HB ya chini, MCV iliyo sawa na RDW iliyopanda hivyo haambiwi akalale mapema, anarudishwa labu. Ingawa niseme pia, RDW kupanda si ushahidi wa upungufu wa vitu viwili peke yake, inaweza kupanda kwa mtu aliyetoka kuongezewa damu, kwa mtu mwenye selimundu, hata kwa mtu ambaye ndio ameanza matibabu ya chuma na seli mpya nzuri zinachanganyika na zile za zamani. Wewe umemeza chuma miezi mitatu kwa hivyo hiyo ya mwisho lazima tuiweke akilini. Lakini mtu ambaye chuma kinamfanyia kazi HB yake hupanda kama gramu 2 kwa wiki tatu au nne. Yako imepanda 0.6 kwa miezi mitatu. Kwangu hilo ni jibu la kipimo kama majibu mengine ya labu, limesema kuna kitu bado hakijapatikana, ama damu inatoka haraka kuliko inavyoingia.

Sasa nikichukua hadithi yako naona mito miwili inayokauka, wa chuma na wa B12. Ya chuma ni hedhi ya siku nane na mabonge (kila mililita ya damu inatoka na karibu nusu miligramu ya chuma, na tumbo la mtu mzima hunyonya kama miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe), halafu strungi unayokunywa pamoja na chapati, kwa sababu majani ya chai yana kitu kinachokamata chuma cha mboga kabla hujakinyonya, halafu odowa. Kutamani udongo, mawe ama barafu ni dalili ya mwili uliokosa chuma, si tabia mbaya na si aibu, wamama wengi wakipata chuma cha kutosha hiyo hamu inaisha yenyewe. Lakini odowa nayo inaendeleza shida, udongo unashika chuma tumboni na unaweza kukuletea mayai ya minyoo.

Ya B12 ni hiyo 2018. B12 haiko kwa sukuma, haiko kwa maharagwe, haiko kwa githeri hata upike debe zima, iko kwa nyama, samaki, mayai na maziwa. Ini huweka akiba ambayo inaweza kumfikisha mtu miaka mitatu mpaka mitano, ndio maana mwaka wa kwanza na wa pili hukuona kitu ukaamini uko sawa. Na dawa ya asidi imeongeza, kwa sababu asidi ya tumbo ndiyo inatoa B12 kwenye chakula na ndiyo inasaidia chuma cha mboga kunyonywa, dawa moja inabana mito yote miwili. Sisemi urudie nyama, imani yako naiheshimu, na watu wasiokula kitu cha mnyama wanaishi vizuri kabisa wakimeza B12 ya vidonge ama wakitumia chakula kilichoongezwa B12. Shida ni kwamba hakuna mtu alikwambia 2018.

Ganzi na miguu kuwaka ndiyo inanifanya nikuandikie kwa haraka. B12 inalinda pia utando wa neva. Chuma kikikosekana utachoka, lakini neva zikikaa sana bila B12 zinaweza kuharibika zisirudi zote. Nikiwa intern nilimwona mama mmoja, MCV yake 86, nikamwandikia chuma na foliki asidi nikamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Alirudi baada ya mitano akitembea na kushika ukuta. Foliki asidi ilikuwa imeinua HB kidogo, kila mtu akafurahi, na huku uti wa mgongo ulikuwa unaendelea kuumia kwa kukosa B12 ambayo sikuipima. Alipona kiasi, hakupona yote. Kwa hivyo tafadhali usinunue foliki asidi peke yake kwa kemisti ukangoja uone.

Hivi ndivyo ningetaka ufanye wiki hii. Rudi kliniki, beba karatasi zote mbili ya 8.4 na ya 9.0, beba na pakiti ya dawa ya asidi. Omba damu yako iwekwe kwa kioo mtu aiangalie kwa maikroskopu, si mashine peke yake. Kwa upungufu wa pande mbili ataona seli ndogo zilizopauka na seli kubwa za umbo la yai zimechanganyika, na kuna kitu kingine kizuri sana, ni nyutrofili, hizo ni seli nyeupe. Chuma kikikosekana kinaweza kuficha ukubwa wa seli nyekundu lakini hakifichi nyutrofili, zikikosa B12 ama foleti kiini chao kinagawanyika vipande vingi kuliko kawaida, ukiona yenye vipande sita ama zaidi, ama nyingi za vipande vitano, basi shaka imepungua sana. Kipimo hiki hakitaki mashine ya bei, kinataka mtu mwenye macho na dakika kumi.

Halafu feritini, ndiyo akiba ya chuma. Chini ya 15 Shirika la Afya Duniani linasema akiba imeisha, madaktari wengi tunaanza kutibu hata ikiwa chini ya 30, na kama una maambukizi ama uvimbe mahali feritini inapanda kwa uongo, hapo tunasogeza mstari mpaka 70, ndio maana naomba na CRP, kipimo cha damu cha kuonyesha uvimbe ama maambukizi, ipimwe siku hiyo hiyo. B12 ikiwa chini ya 200 ni ya chini, kati ya 200 na 300 hapo katikati ni ukungu, na mtu mwenye ganzi kama wewe akianguka hapo katikati mimi humtibu, singoji. Foleti pia. Muhimu sana, damu ya B12 itolewe KABLA ya sindano yoyote ya neva ama vidonge vya maltivitamini, ukishachomwa namba inaruka juu na hatutajua tena ilikuwa ngapi.

Na mtego wenyewe ni huu, hata wenzangu wengi huingia. Mtu akikosa B12 uboho haufanyi kazi sawasawa, chuma kinakaa hakitumiki, kwa hivyo feritini inaweza kuonekana iko sawa wakati akiba ni kidogo. Ukimpa B12 uboho unaamka kama kiwanda kilichorudishiwa stima, unakula chuma chote kwa wiki chache, HB inapanda kidogo halafu inaganda. Na upande wa pili ni hivyo hivyo, ukimpa chuma peke yake anaganda kwa sababu ya B12. Nadhani hapo ndipo uko wewe. Kwa hivyo hata kama majibu yatasema B12 iko chini na feritini iko sawa, feritini irudiwe baada ya wiki nne hivi za matibabu.

Mwisho kwako, jina la ugonjwa si jibu, swali ni kwa nini. Omba skani ya nyonga waangalie kama kuna fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, hedhi ya mabonge haifai kuachwa tu ati ni ya kawaida. Choo kipimwe minyoo na bakteria ya vidonda vya tumbo. Mweleze daktari ulianza dawa ya asidi kwa nini, labda huihitaji tena, ila usiiache ghafla bila kuongea naye. Na kuna watu ambao kinga ya mwili yenyewe imeshambulia tumbo, hao hawanyonyi B12 wala chuma hata wale vipi, kama wewe ni mmoja wao utahitaji B12 maisha yote. Ukianza kukosa pumzi ukiwa umekaa tu, ukihisi maumivu ya kifua, ukizirai, ukipata choo cheusi kama lami na kinateleza (choo cheusi kikavu kinaweza kuwa vidonge vya chuma tu), ama ukishindwa kutembea, usingoje kliniki, nenda kasualti siku hiyo hiyo. Strungi kunywa, lakini iache ikae mbali na chakula na vidonge saa moja ama mbili. Nitafurahi sana ukiniandikia majibu yakitoka.

SWALI: Daktari, mke wangu ana mimba ya miezi mitano, HB 9.8. Mamangu ametoka shagz amesema soda nyeusi na mayai mabichi mawili asubuhi na jioni, na juisi ya bitiruti. Kliniki walimpa vidonge lakini vinamtapisha ameviweka kando. Naogopa kumkatalia mamangu na naogopa mtoto kuumia.
Baba mtarajiwa, Kawangware

JIBU: Ndugu, pongezi, na mwambie mama asante kwa kujali, kisha mayai myachemshe. Mayai mabichi yanaweza kuwa na salmonela na mwenye mimba hapaswi kucheza nayo. Soda ni sukari na rangi, haina damu ndani, ni vile tu inafanana. Bitiruti ni chakula kizuri na ina foleti ya kutosha lakini chuma chake hakifiki hata miligramu 1 kwa gramu 100, rangi ndiyo imeipa sifa. Managu, terere, kunde, dengu, omena, nyama nyekundu, hizo zina kitu, na akikamulia chungwa ama limau juu ya mboga chuma kinaingia vizuri zaidi. Maini pia yana chuma kingi na B12 kingi, ila kwa mimba yasizidi kwa sababu yana vitamini A nyingi sana, usimpikie kila siku ukidhani unamsaidia. Na mboga zisichemshwe mpaka zifie majini halafu maji yamwagwe, foleti inaenda na hayo maji.

Lakini chakula peke yake hakitamtoa 9.8 kabla mtoto afike. Kwa mwenye mimba mstari wetu ni 11, miezi ya katikati 10.5 kwa sababu damu inakuwa nyepesi, kwa hivyo yuko chini na anahitaji vidonge. Vile vya kliniki vina chuma miligramu 60 na foliki asidi miligramu 0.4 pamoja, kliniki za serikali hutoa bure. Vikimtapisha ajaribu kumeza usiku akienda kulala, ama na chakula kidogo, na akishindwa kabisa arudi aseme badala ya kunyamaza, kuna aina nyingine na kuna ya kudungwa kwa mshipa. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa 2017 kwa wanawake ambao akiba ya chuma ilikuwa imeisha ulionyesha kwamba kumeza siku moja na kuruka siku moja mwili unanyonya sehemu kubwa zaidi ya kila dozi. Wale hawakuwa na mimba, kwa hivyo asijibadilishie ratiba mwenyewe, lakini aongee na nesi.

Na kwa kuwa mada yetu leo ni upungufu wa vitu viwili, mimba ndipo historia ya foleti ilianzia. Daktari Mwingereza Lucy Wills alienda Bombay 1928 kuangalia wanawake wajawazito, wengi wafanyakazi wa viwanda vya nguo, waliokuwa wanaishiwa damu na seli zao zilikuwa kubwa. Chuma hakikuwatosha. Aliwapa kitu cha bei ya chini kabisa kinachotengenezwa kwa hamira, Marmite, wakapona, akaandika matokeo 1931. Miaka ya baadaye ndio watu wakajua kilichokuwa ndani ni foleti. Nalitaja hili kwa sababu alikataa kuridhika na jibu moja kwa wamama wote. Mkeo akimeza vidonge vizuri mwezi mmoja na HB isisogee, msiambiwe muongeze vidonge tu, ombeni aangaliwe B12, selimundu, minyoo, na kama mlisafiri Kisumu ama Pwani karibuni apimwe malaria.

SWALI: Nina miaka 61, sukari miaka tisa, natumia metformini. Mwaka huu HB ilikuwa 10.2, wakapima B12 ikatoka 140, wakanidunga sindano. Nilifurahi sana manake ganzi ilipungua na HB ikafika 11.5, lakini imekaa hapo miezi miwili haisongi. Daktari wangu amesema ni umri. Ni kweli?
Mzee wa Buruburu

JIBU: Hapana mzee wangu, umri haupunguzi damu, ni kitu kingine kinapunguza na umri unasingiziwa. Kwa mwanaume tunataka 13.

Metformini ikitumiwa miaka mingi inapunguza kunyonywa kwa B12, hilo linajulikana vizuri, na kila mtu anayeitumia kwa muda mrefu angepimwa B12 mara kwa mara hata kama hana dalili. Usiiache, dawa yako ya sukari unaihitaji. Lakini kupanda halafu kuganda ndiyo ile picha nilimwandikia Mama Chapo hapo juu, uboho umeamka, umemaliza chuma. Omba feritini wiki hii. Omba na figo zipimwe, sukari ya miaka tisa inaweza kuchosha figo na figo ndizo zinatoa homoni ya kuamrisha uboho utengeneze damu.

Sasa nisikilize hapa. Feritini ikitoka chini, usikubali kupewa vidonge vya chuma na kurudishwa nyumbani. Mwanamke wa miaka 37 ana hedhi, wewe huna mahali pa kupoteza damu kila mwezi, kwa hivyo mwanaume wa miaka yako aliyekosa chuma tunachukulia kuna damu inatoka polepole mahali fulani tumboni mpaka tuthibitishe haitoki. Inaweza kuwa kidonda, inaweza kuwa dawa za maumivu kama huwa unazimeza, inaweza kuwa saratani ya utumbo mkubwa ambayo ikipatikana mapema inatibika. Unahitaji kamera ya juu ya kuangalia tumbo na ya chini ya kuangalia utumbo mkubwa, zote mbili. Najua inaogopesha na kulipia si rahisi, uliza hospitali SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani kabla ya siku yenyewe, lakini usiiache. Nimeona wazee wawili mwaka huu ambao B12 ilipatikana, kila mtu akaridhika kwamba jibu limepatikana, na jibu la pili lilikuwa linakua kwa utumbo.

SWALI: Doki mimi ni klinikali, yaani afisa wa kliniki, kwa zahanati ya kibinafsi Githurai. Labu yetu ina mashine ya hemogramu na maikroskopu, basi. B12 na feritini ni kutuma nje, wagonjwa wengi hawana hiyo pesa. Nikipata mtu kama hao unaoandikia nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, una vitu vingi kuliko unavyodhani. Una RDW, soma kila mara, hata kama MCV haina mshale. Una maikroskopu, kaa na mtu wa labu mtafute nyutrofili pamoja. Una mdomo wa kuuliza, anakula nini, anakunywa chai saa ngapi, hedhi siku ngapi na pedi ngapi, anakula odowa, metformini, dawa ya asidi, pombe, alishawahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Angalia ulimi, kucha, kiganja, kisha mfanye afumbe macho akiwa amesimama miguu pamoja uone kama anayumba, na kama una toni foku weka kwa kidole gumba cha mguu umuulize kama anahisi mtetemo. Hiyo haina bili.

Kama pesa ni ya kipimo kimoja tu, mwenye ganzi ama anayeyumba tuma B12, asiye na dalili za neva na mwenye hedhi nzito tuma feritini. Kama hakuna pesa kabisa na picha inaelekea pande zote mbili, tibu zote mbili, B12 ya sindano iwe ndani, usitoe foliki asidi bila B12 kwa mtu ambaye hujampima. Wale ambao seli nyeupe ama pleteleti (zile za kugandisha damu) nazo zimeshuka sana, ama wengu na tezi zimevimba, ama HB iko chini ya 7, hao usikae nao, tuma hospitali kubwa yenye daktari wa damu. Na mwenye HB ya chini sana aliyeanza B12, potasiamu yake inaweza kushuka siku za kwanza, kwa hivyo huyo pia si wa kutibiwa nyumbani.

Kisha tumia uboho wenyewe kama kipimo. Ukiwa umempa kitu sahihi retikulosaiti, yaani seli nyekundu changa, zinaanza kupanda ndani ya wiki moja, labu yenu inaweza kuzihesabu kwa rangi ya bei ndogo. HB rudia wiki ya nne. Retikulosaiti zisipopanda, ama zikipanda halafu HB ikaganda, mrudishe kitini uanze kumuuliza upya. Chuma kiendelee miezi mitatu baada ya HB kufika kawaida ili akiba ijae, hapo ndipo wengi huacha kwa sababu wameshapata nguvu. Na mwandikie tarehe ya kurudi ya siku ya saba kwa kadi yake na umpigie simu siku ya sita jioni, manake mtu wa kibarua hatarudi akiambiwa tu "urudi usipopata nafuu."